Nimeandika kwenye daftari kila alama niliyoacha kwa siku moja, kuanzia alamu ya asubuhi. Wakuu, njooni mnisaidie hesabu

#1 Kibatari

Wakuu, habari za jioni.

Jumamosi nilikuwa kwenye kipaimara cha mtoto wa dada yangu. Keki inakatwa, vigelegele vimepamba moto, natoa simu nipige picha, simu inaniambia hifadhi imejaa. Simu ya gigabaiti 128, haijamaliza hata mwaka. Nikajibanza pembeni ya turubai nafuta vitu, huku watu wananisukuma wapite na sahani zao. Mnajua nilikuta nini? Video ya mbuzi aliyepakizwa kwenye bodaboda kavishwa helmeti. Nakala sita. Moja ya grupu la ukoo, moja ya kazini, moja ya tuliosoma pamoja, moja ya kamati ya harusi ambayo harusi yenyewe ilishapita, na mbili sijui zilitokea wapi.

Dada mpaka leo ananidai picha ya keki.

Basi Jumatatu nikafanya jambo la kitoto. Nikachukua daftari la kawaida na kalamu, nikaapa kuandika kila mahali ambapo kitu nilichofanya kimeacha alama kwenye mashine ya mtu. Mimi ni karani wa ghala, si mtaalamu wa kompyuta. Nilitaka tu kujua siku moja ya mtu wa kawaida inaacha nini nyuma yake.

Saa 11:40 alfajiri alamu inalia. Kabla sijafumbua macho nimeshachelewa kuhesabu: usiku kucha simu imekuwa ikisalimiana na mnara, na zimeingia meseji 63 za magrupu. Kila iliyofika imerudisha taarifa kwa aliyeituma kwamba imefika, na nilizofungua zimerudisha kwamba zimesomwa. Hapo bado nimejifunika shuka.

Saa 12:10 mita ya LUKU inapiga kelele. Nanunua umeme wa 5,000 kwa simu, napewa tarakimu 20. Kwangu mimi ni tendo moja. Lakini mtandao wa simu umeandika hela imetoka, mfumo wa malipo umeandika imepita, shirika la umeme limeandika mita gani imepewa uniti ngapi, na nimepata meseji mbili za uthibitisho ambazo nazo zimeandikwa kwamba zimefika.

Kituo cha mwendokasi, nimepitisha kadi getini. Kazini, kidole mlangoni. Kamera mbili za ghala. Mchana wali maharage, nimelipa kwa lipa namba, 3,500. Nikapita dukani kununua balbu, mwenye duka kanipa risiti ya EFD yenye msimbo wa QR, maana yake hata balbu yangu watu wa kodi, TRA, wanayo.

Jioni ndiyo iliyonimaliza. Nilikaa kwenye kochi nitazame video fupi dakika tano, nikainuka dakika 40 baadaye. Sikuandika neno, sikupenda chochote, sikumfuata mtu. Nikadhani hapo nimepona, sijaacha alama. Halafu nikakumbuka kwamba nilisimamisha kidole kwa mama mmoja anayekaanga samaki, nikamtazama mpaka mwisho, mara mbili. Video ya nne kutoka hapo, samaki. Ya saba, samaki. Kumbe kutulia nako ni kujibu.

Saa 3 usiku nilikuwa na mistari 214 na mkono unauma. Nikaacha.

Kitu kingine kilichonichekesha ni neno lenyewe. Mwambie Mtanzania "data" anawaza bando. Washa data, zima data, data imekata. Kwetu data ni kitu unachonunua kikaisha. Ile nyingine, ile tunayoitoa, haina vocha na sijawahi kuletewa meseji kwamba nimebakiza asilimia 25.

Nikapiga na hesabu ya mbuzi. Video ni megabaiti 12, grupu la ukoo lina watu 210. 12 mara 210 ni 2,520, yaani gigabaiti mbili na nusu za mbuzi mmoja kwenye ukoo mmoja. YouTube wenyewe waliwahi kusema kwamba kila dakika zinapandishwa video za saa 500. Kwa siku ni saa 720,000. Ukitaka kutazama za siku moja tu bila kulala unahitaji miaka 82, na ukimaliza kuna za siku nyingine karibu 30,000 zinakusubiri.

Maswali yangu ni mepesi: haya yote yanakaa wapi, nani anayasoma, na katika mistari yangu 214 upi wenye uzito?

#2 Chai Rangi

Naweka kambi hapa. Tupia video ya mbuzi kwanza, bila ushahidi hii ni chai.

#3 Jembe la Mkono

Mleta uzi una muda. Mimi nauza mbao Buguruni, kuna mtu gani atakaa chini asome nimempigia nani? Watu mamilioni. Kama huna cha kuficha unaogopa nini?

#4 Fundi wa Juu

Kibatari, salamu. Nimefanya kazi za minara miaka tisa, nimepanda minara mingi kuliko minazi. Ngoja nikuongezee ambavyo daftari lako halikuona, halafu nikujibu hilo swali la uzito, maana ndilo lenyewe.

Ukipiga simu ya kawaida, kinachowekwa kwa ajili ya malipo ni mstari tu, sauti haimo. Ofisini wanauita CDR. Una namba iliyopiga, namba iliyopigiwa, saa na sekunde ilipoanza, imedumu sekunde ngapi, namba ya IMEI ya simu yako (bonyeza *#06# utaiona), na namba ya seli, yaani upande wa mnara uliokuhudumia. Hiyo ya mwisho watu wanaidharau. Mnara mmoja mara nyingi una pande tatu, kila upande umetazama kwake. Kwa hiyo mstari hausemi tu kwamba uko Mbagala, unasema uko upande unaotazama sokoni. Na kwenye mitambo ya zamani ya 2G mnara hupima mawimbi yanachukua muda gani kwenda na kurudi, kwa hatua za mita 550 hivi, ili usiingiliane na mwenzako. Hakuna aliyekuwa anakupeleleza hapo. Mtambo unahitaji kujua uko umbali gani ili simu isikate. Mengi ya haya yalizaliwa hivyo: kitu kilihitajika ili huduma ifanye kazi, kikaandikwa, kikabaki.

Sasa hesabu. Tuseme mstari mmoja ni baiti 200. Tuseme mtu wa kawaida anaacha mistari 40 kwa siku kwa simu, meseji na kuingia intaneti. Ni baiti 8,000. Zidisha siku 365: baiti 2,920,000. Karibu megabaiti tatu.

Megabaiti tatu ni picha moja ya ugali na dagaa.

Yaani mwaka mzima wa mahali ulipolala, saa ulizoamka, uliowapigia na uliowaacha kuwapigia, vyote vinaenea ndani ya picha moja ya ugali. Ndiyo maana mtu akiniambia habari za wingi wa data, akinitajia petabaiti na zetabaiti, namwambia huko kumejaa mbuzi. Kwa ukubwa video inashinda kila kitu. Lakini mbuzi wako hana habari yoyote juu yako, ila kwamba ulimtuma saa ngapi na kwa nani. Na hiyo ya saa ngapi na kwa nani ni baiti chache tu zilizoning'inia kwenye mkia wake.

Jembe la Mkono, wewe nakujibu kwa mfano. Ujerumani kuna mwanasiasa wa chama cha Kijani, Malte Spitz, aliishtaki kampuni yake ya simu apewe kumbukumbu zake mwenyewe. Alipewa za miezi sita, Agosti 2009 mpaka Februari 2010: mistari 35,830. Mwaka 2011 gazeti la Die Zeit likaichora kwenye ramani ya mtandaoni, unabonyeza unamwona anavyotembea nchi nzima, treni aliyopanda, mji aliolala. Hakuna aliyesikiliza hata simu yake moja. Na 2013 kikatoka chapisho la kina Yves-Alexandre de Montjoye waliochambua kumbukumbu za watu milioni 1.5 kwa miezi 15, majina yameondolewa. Wakakuta kwamba ukijua sehemu nne tu alizokuwapo mtu na saa alizokuwapo, unamtofautisha na wengine wote kwa asilimia 95 ya watu. Sehemu nne, Jembe. Nyumbani, ghalani, msikitini, na kwa yule mwingine.

#5 Chai Rangi

Kwa yule mwingine. Fundi umenigusa pabaya, wacha nizime simu.

#6 Fundi wa Juu

Ukizima nako kunaonekana. Mtu ambaye kila Ijumaa saa 2 usiku laini inapotea na saa 5 inarudi amejieleza vizuri sana.

#7 Wakala wa Kona

Mimi ni wakala wa pesa kwa simu, mwaka wa kumi na moja sasa. Naomba niseme kitu ambacho watu wa mjini mnakisahau: zamani data ilikuwa daftari. Mangi wa mtaani alikuwa na daftari la madeni, ukilifungua unajua nani kapata mgeni (sukari kilo mbili badala ya robo), nani kafukuzwa kazi (sigara mojamoja), nani mke kasafiri (mayai na mkate kila jioni). Mangi hakuwa mpelelezi. Alikuwa anaandika deni tu.

Na sisi mawakala tulianza na daftari. Jina, namba, kiasi, saini, mteja anatia dole gumba kama hajui kuandika. Nilikuwa nalirudisha nyumbani nalifungia kabatini kwa sababu mama watoto alilisoma siku moja akaanza kuniambia habari za jirani.

Sasa hivi daftari limekuwa jepesi, vingi viko kwenye mfumo. Lakini jicho la wakala bado linasoma. Kijana aliyekuwa anapokea 100,000 kila tarehe 28 akianza kupokea 5,000, 7,000, 5,000 siku yoyote ile, ujue ajira imekwenda, sasa anaishi kwa ndugu. Mama aliyekuwa anatoa hela zote mara moja akianza kutoa kidogo kidogo, kuna mtu nyumbani anamkagua. Mimi mtu mmoja na wateja kama 60 kwa siku naona hayo kwa macho. Fikirieni mashine yenye wateja mamilioni na isiyosahau.

#8 Jembe la Mkono

Wakala umenitisha kidogo, nitahama kibanda. Ila bado. Mashine ijue nimeishiwa, itanifanya nini? Itaniletea tangazo la mkopo. Nitalifuta.

#9 Tui la Nazi

Jembe la Mkono kaka yangu, hilo la mkopo niachie mimi.

Mimi sijawahi kukopa kwenye simu. Sijawahi. Mwaka juzi saa 4 asubuhi napigiwa na namba nisiyoijua, sauti ya kijana mwenye haraka, ananiambia "mwambie shemeji yako alipe hela za watu". Nikadhani utapeli, nikakata. Jioni ikaja meseji yenye jina kamili la shemeji, kiasi anachodaiwa, na maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Meseji hiyohiyo alipata mama mkwe wangu. Alipata fundi cherehani wake. Alipata ustadh wa watoto. Alipata mwalimu mkuu wa shule anayofundisha.

Shemeji alikuwa amekopa 60,000 kwenye programu fulani. Siku anaipakua ikamwuliza kama anairuhusu kusoma majina aliyohifadhi kwenye simu, akabonyeza ndiyo, kama tunavyobonyeza wote. Dakika moja, namba 400 na kitu zikaondoka, na yangu ikiwamo. Mimi nilibonyeza wapi? Hakuna. Nimo kwenye seva ya watu kwa sababu ndugu wa mume wangu aliishiwa na hela ya ada.

Kwa hiyo hilo la "huna cha kuficha" unalisemea nafsi yako tu. Umehifadhiwa kwenye simu ngapi za watu? Unajua wao wamebonyeza nini?

Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo zisizo na leseni. Afadhali. Lakini mama mkwe alishasoma ile meseji, na mpaka leo tukikaa mezani shemeji hamtazami usoni.

#10 Jembe la Mkono

Dada, pole sana. Hapo sina la kusema.

#11 Boda Msomi

Nileteni kwenye upande wa faida maana uzi umekuwa msiba. Mimi naendesha boda, ramani ya simu ndiyo inayonilisha. Ile mistari myekundu ya foleni mnayoiona Ubungo au barabara ya Mandela, hakuna mtu aliyesimama pale na bendera. Ni simu zenu zilizo ndani ya magari, zinasema kila baada ya muda ziko wapi na zinakwenda kasi gani. Zikijazana na kutambaa, barabara inageuka nyekundu. Yaani foleni ni ninyi na taarifa ya foleni ni ninyi.

Kuna msanii wa Berlin, Simon Weckert, mwaka 2020 alionyesha video yake akivuta kigari cha mkono kimejaa simu 99 za mitumba, zote zimewasha ramani. Barabara tupu kabisa, lakini kwenye Google Maps ikawa nyekundu popote alipopita. Nimewahi kuwaambia wenzangu kijiweni tufanye hivyo tuwafukuze bajaji. Tatizo tuna simu nane, na tatu kioo kimepasuka.

#12 Mwana Ng'ambu

Assalaam alaykum. Mie niko Unguja, na nataka kuongezea faida aliyosema Boda Msomi, maana huku kwetu ipo moja kubwa na watu wengi hawaijui.

Malaria Zanzibar ilishuka mno miaka ile ya 2000 na kitu. Suala likawa: tukimaliza ya hapa, itarudi na nani? Watu wanavuka kila siku, boti za asubuhi na jioni. Sasa watafiti wakachukua kumbukumbu za simu za laini 770,369, Oktoba mpaka Disemba 2008, majina hayamo, wakatazama nani katoka Zanzibar kaonekana kwenye mnara wa bara na kakaa siku ngapi. Waliandika matokeo 2009. Walikuta wasafiri wengi wanakwenda Dar es Salaam safari fupi, ambako hatari ni ndogo. Wachache ndio wanaokwenda mikoa yenye malaria nyingi wakakaa muda mrefu. Kwa hiyo wanaohitaji kupimwa zaidi wakirudi si kila aliyeteremka kwenye boti.

Tizameni hapo. Mtu alimpigia mkewe tu kumwambia "nimefika salama". Simu hiyohiyo ikamsaidia daktari.

#13 Mswahili wa Kisauni

Mwana Ng'ambu umenikumbusha ya kwetu Kenya. Ilikuwa hivyohivyo ila kwa ukubwa: wateja karibu milioni 15, kuanzia Juni 2008 hadi Juni 2009, minara karibu 12,000, ikachapishwa kwenye jarida la Science mwaka 2012. Walifuata jinsi vimelea vya malaria vinavyosafiri ndani ya watu kutoka huko Ziwa Victoria kuelekea Nairobi. Mbu hafiki Nairobi kwa miguu yake, anabebewa mzigo na abiria wa basi.

Lakini nawauliza ndugu zangu: hao milioni 15 kuna aliyeulizwa? Mimi laini yangu ni ya 2007, bila shaka nimo. Sikasiriki, ni kazi njema. Ila ningependa kuambiwa ahsante.

#14 Mgeni Leo

Samahani wakuu, mimi mgeni humu. Hizi data zinakaa wapi hasa? Nasikia "kwenye wingu".

#15 Fundi wa Juu

Mgeni karibu. Wingu ni jina tu. Ni majengo, yamejaa makabati ya chuma yenye kompyuta, mapangaboi yanavuma, umeme unaliwa usiku na mchana. Baadhi yako hapahapa nchini, mengi ya hizi huduma kubwa yako mbali. Unamtumia picha jirani yako wa mlango wa pili Tandale, na mara nyingi inapita kwanza chini ya bahari, ikafika ugenini, ikarudi.

Mnakumbuka Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024? Intaneti ilikatika kwa sababu nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu huko kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Siku ile watu walijua kwamba wingu lina mkia, na mkia umelala kwenye mchanga wa bahari.

Na usidhani kila kinachofutwa kimeondoka. Mwaka 2011 mwanafunzi wa sheria wa Austria, Max Schrems, aliwaomba Facebook nakala ya kila walichonacho juu yake. Ikaja kurasa zaidi ya 1,200, na humo zilikuwemo meseji alizokuwa ameshazifuta.

#16 Tui la Nazi

Na sisi tunaweza kuomba? Au ni ya Wazungu hiyo?

#17 Fundi wa Juu

Unaweza. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kufanya kazi tarehe 1 Mei 2023, na ipo Tume yake. Inakupa haki ya kujua nani ana taarifa zako na kuomba kuziona. Kenya wao sheria yao ni ya 2019.

#18 Kibatari

Wakuu nimesoma yote, ahsanteni sana. Nilikaa kimya kwa sababu niliposoma ya Fundi kuhusu picha ya ugali niliamua nihakikishe mwenyewe.

Nilikuwa na taarifa ya miamala ya simu ya miezi sita, niliitoa kipindi kile nahangaikia mkopo wa benki. Kurasa 31. Sikuwahi kuisoma, niliipeleka tu ikiwa imepigwa muhuri. Jana usiku nimeisoma kama mtu anavyosoma barua.

Faili lenyewe ni kilobaiti 410. Mbuzi wa bodaboda anaingiza mafaili hayo karibu 30 tumboni mwake.

Kurasa nane za mwanzo ni vitu vya kawaida. Umeme, bando, nauli, wali maharage. Kila Jumapili 15,000 kwenda namba ya mzee wangu Kibiti, bila kukosa, saa mbili au saa tatu asubuhi, nikitoka ibadani. Ukurasa wa 9 kuna usiku mmoja wa mwezi Machi. Mzee alikuwa amekuja kwangu wiki hiyo. 01:52, nimetuma 20,000 kwa jirani mwenye bajaji. 02:31, nimelipa 10,000, kufungua faili hospitali. 02:58, duka la dawa, 14,700. 03:20, nimenunua bando la dakika. Kisha kuanzia alfajiri hela zinaingia: 50,000, 30,000, 30,000, 10,000, 5,000. Zinaingia hivyo siku nne. Siku ya tano, 06:10, imetoka 350,000 kwenda kwa fundi seremala.

Hakuna popote palipoandikwa neno msiba. Lakini yeyote kati yenu angeusoma ukurasa ule angejua. Na ukiendelea mpaka ukurasa wa 31 ile 15,000 ya Jumapili haipo tena. Yule afisa wa mkopo benki aliipitia karatasi hii mbele yangu, anapiga tiki kwa kalamu nyekundu, na pale ukurasa wa 9 alisimama kidogo, akanitazama, akaendelea. Wakati ule nilidhani amekosa hesabu.

Kwa hiyo Fundi, swali langu la uzito limejibika.

#19 Wakala wa Kona

Pole sana Kibatari. Mungu ampumzishe mzee.

#20 Chai Rangi

Pole mkuu. Nafuta utani wangu wa juu.

#21 Mgeni Leo

Pole sana kaka. Samahani kuuliza baada ya hayo, ila hata mimi simu imejaa. Nikifuta meseji itapungua?

#22 Boda Msomi

Meseji za maandishi ziache, hazili kitu. Ingia kwenye mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya hifadhi, itakupangia kwa ukubwa, video za juu kabisa futa bila huruma. Halafu zima ile ya kupakua picha na video zenyewe kwa zenyewe. Mimi nilipata gigabaiti 19 kwa nusu saa. Picha za leseni na kadi ya pikipiki nilikuwa nimezifuta pia, kuwa makini.

#23 Kibatari

Mrejesho mfupi. Leo mchana nimekwenda dukani kwa mtandao wangu wa simu kuomba mistari yangu, ile ya minara na simu, ya mwaka mzima. Dada wa kaunta kaniuliza, "Za kesi?" Nikasema hapana, nataka kujiona tu. Akacheka, akamwita mwenzake, wakacheka wawili, kisha akafungua droo akanipa fomu.

Fomu inataka majina matatu, namba ya simu, namba ya pili ya simu, namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA), mahali ninapoishi, kazi, sababu ya maombi, saini. Halafu kidole kwenye kile kimashine. Halafu akanipiga picha. Ameniambia nitapigiwa.

#24 Fundi wa Juu

Wakikupigia, angalia uko upande gani wa mnara.

#25 Jembe la Mkono

Tupo, tunasubiri. Na mimi nimeanza daftari tangu asubuhi, niko mstari wa 37 na sijafungua hata duka.